Nina picha 600 za watu wengine kwenye simu, zangu sizioni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Ngamiani hapa Tanga. Napiga picha kwa kipato: harusi, mahafali, picha za pasipoti. Kamera yangu ni ya mkono wa pili, ina lenzi mbili, ile iliyokuja nayo na nyingine ya milimita 50. Kazi naipenda na wateja ninao. Shida ni nyingine.

Nimekubaliwa kwenye mafunzo ya wapiga picha vijana. Mwisho wake kila mmoja anatakiwa kuonyesha picha 12 za watu zenye wazo moja, na mimi nimebakiwa na miezi mitatu. Mwalimu alituambia tufanye utafiti kwanza, tuangalie mitindo ya waliotutangulia, kisha tuchague watu tutakaowapiga. Nimefanya utafiti mpaka macho yanauma. Kwenye simu nimehifadhi picha zaidi ya 600. Zipo nyeusi na nyeupe, za rangi kali, za watu walioloweshwa maji usoni, za nusu uso gizani. Kila nikiamka napenda mtindo mwingine.

Nimeanza mara tatu. Kwanza nilipiga wazee wenye mikunjo, taa moja ya pembeni, nyeusi na nyeupe. Wenzangu walisifu, lakini mwalimu akaniuliza, "Huyu mzee anaitwa nani?" Sikuwa na jibu. Nilimkuta stendi nikampa elfu mbili. Mara ya pili nikawaendea walinzi wa Kimaasai kwa sababu mavazi yao yanavutia. Wawili walikubali, wa tatu akasema amechoka kupigwa picha na watu asiowajua. Nikaona aibu, nikaacha. Mara ya tatu niliwapiga rafiki zangu kwa taa nyekundu na za buluu. Zilitoka vizuri, lakini nikizichanganya na zile 600 hata mimi mwenyewe siwezi kuzitambua.

Mama ananiambia nisijiumize kichwa. Yeye ni fundi cherehani, anashonea kwenye baraza ya duka la vitambaa pamoja na mafundi wengine sita, nami nimekulia chini ya meza ya cherehani yake, lakini mambo ya maonyesho hayajui. Nimeanza kuogopa kwamba labda mimi ni wa picha za pasipoti tu.

Nifanyeje nipate mtindo wangu? Nichague watu gani? Na je, nikope ninunue lenzi ya milimita 85? Maana wote ninaowafuatilia wanasema hiyo ndiyo lenzi ya sura.

Mpiga picha, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale, chini ya meza ya cherehani. Habari za wazee wa stendi, walinzi na taa za rangi umezieleza kwa kirefu. Mafundi saba wanaoshona baraza moja umewapitia kwa sentensi moja, tena ulipokuwa unanieleza kwamba mama hajui. Mimi naona mradi wako uko hapo. Ila usinikubalie upesi. Ukienda barazani kwa sababu Shangazi amesema, utarudi na picha za Shangazi.

Tuanze na hilo neno mtindo, maana ndilo linalokunyima usingizi. Unautafuta kama gauni lililokwisha kushonwa, limetundikwa mahali, kazi yako ni kulipata na kulivaa. Mimi nilianza kazi hii kwenye chumba cha giza cha studio moja Mombasa, nikisafisha picha za watu, na katika miaka yote hiyo sijamwona mpiga picha aliyeupata mtindo kwa njia hiyo. Mtindo hutoka kwenye hali ya mtu na namna anavyopambana nayo.

Mtazame Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio yake mwaka 1948. Negativu zake, yaani filamu ambazo picha huchapwa kutoka kwazo, zilikuwa kubwa, sentimita 13 kwa 18, na zilikuwa ghali, kwa hiyo kawaida yake mteja alipigwa mara moja tu. Hebu fikiri jambo hilo linamfundisha nini mtu. Itabidi amweke mteja sawa kwanza, shingo, vidole, pindo la nguo, ndipo abonyeze. Alipiga uani kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake. Baada ya miaka kadhaa alibadilisha pazia, kisha akabadilisha tena, na baadaye mapazia hayo yakamsaidia kujua picha ipi ni ya mwaka gani. Leo watu wanasimama mbele ya zile picha za gauni la maua mbele ya shuka la maua na kusema, tazama mtindo wa Keïta. Ulianza na bei ya negativu na shuka lililokuwepo nyumbani.

Au Samuel Fosso. Alifungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Jioni, wateja wakiisha, filamu ilikuwa imebakiwa na nafasi chache, naye hakutaka zipotee bure, akajipiga mwenyewe ili amtumie bibi yake Nigeria picha ajue kwamba mjukuu ni mzima. Kwenye mabaki hayo ya filamu ndipo ilipozaliwa kazi yake ya maisha, picha za kujipiga mwenyewe ambazo sasa zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa.

Sasa hizo picha zako 600. Usizifute, lakini huwezi kujifunza kwa picha 600, kama usivyoweza kula vyungu kumi vya wali kwa siku moja. Chagua tano. Kila moja ikalie saa nzima na daftari na kalamu. Itazame mboni ya jicho, kuna kidoa cheupe. Umbo lake litakuambia kama mwanga ulitoka dirishani, mlangoni au kwenye taa, na ulikuwa upande gani. Angalia kamera ilikuwa usawa wa macho, wa kifua, au chini zaidi. Mikono inafanya nini. Nyuma kuna nini, na mtu yuko mbali kiasi gani na hicho kilicho nyuma. Ichore hata kama hujui kuchora.

Halafu jiulize nani aliyeitaka picha hiyo, aliyepigwa au aliyepiga? Kwangu mimi swali hili lina uzito kuliko ya mwanga yote.

Kwenye studio za zamani mtu alikuja mwenyewe, ameoga, amevaa, amelipa, na picha aliondoka nayo. Ilikuwa mali yake. Wale wazee wenye mikunjo nitakusema wazi, maana ni picha zinazoniumiza. Taa inawekwa ubavuni makusudi ili kila mkunjo uwe bonde, giza linakolezwa, na mzee wa watu anakuwa kama gome la mbuyu. Mwalimu wako alikuuliza jina kwa sababu aliona kwamba picha ile haikulihitaji jina. Na yule mlinzi aliyekukatalia alikupa somo la bure. Ukikutana naye msalimie vizuri.

Nusu nyingine ya utafiti haimo kwenye simu. Nenda barazani bila kamera, siku mbili au tatu. Waombe mafundi kila mmoja akuletee picha yake ya zamani anayoithamini kuliko zote. Igeuze nyuma. Mara nyingi utakuta muhuri wa studio, mwaka ulioandikwa kwa kalamu, pengine na maneno ya ukumbusho kwa shemeji au mchumba. Kisha igeuze mbele uone watu wa pwani walipenda kuonekana vipi. Wima, miguu pamoja, mkono mmoja juu ya kimeza chenye maua ya plastiki, redio pembeni, mtoto juu ya stuli. Unguja, barabara ya Kenyatta, ipo Capital Art Studio ya familia ya Oza, yenye picha za tangu zama za sultani; ukivuka bahari siku moja, ingia. Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, aliyekata na kuunganisha picha kwa mkono wake mpaka zikawa ndoto. Nilipokuwa Mombasa, karibu na kivuko cha Likoni kulikuwa na vibanda vyenye mapazia ya kuchorwa, meli kubwa na ndege, na mtu aliyekuja mjini kutafuta kazi alisimama mbele ya meli hiyo akapigwa picha ya kupeleka kwao. Tulikuwa tunawacheka, sisi wa studio za ndani. Tulikosea sana. Wale wapiga picha walijua wateja wao wanatamani nini.

Haya ninakuambia kwa sababu ya jambo moja utakalokutana nalo. Fundi wa miaka sitini atasimama mbele ya kamera yako akiwa amenyooka kama askari wa gwaride, uso mkavu. Usikimbilie kumwambia "kaa kawaida" au "tabasamu kidogo". Hakuogopi. Anakupa pozi la heshima, lile alilofundishwa na studio ya ujana wake. Piga hilo kwanza. Mengine yatakuja baada ya chai.

Sasa wapo wawili ninaotaka uwachunguze kwa karibu, kwa kuwa wote walipiga watu wa kazi na kila mmoja alijibu kwa njia yake. August Sander, Mjerumani, alianza na wakulima wa Westerwald, upande wa kwao alikozaliwa, kisha akaendelea mpaka akataka kuwaonyesha Wajerumani wa kila tabaka. Mwaka 1929 alitoa kitabu cha picha 60. Watawala wa Kinazi hawakukipenda, na mwaka 1936 mabamba yake ya kuchapia yakaharibiwa. Mara nyingi Sander alimpiga mtu mahali pake, na vifaa vyake, akitazama lenzi bila haraka. Ipo ya mwoka keki na bakuli lake, mtu mnene aliyevaa koti jeupe. Tazama anavyolishika lile bakuli, kama jaji na rungu lake. Wa pili ni Irving Penn, Mmarekani. Mwaka 1950 na 1951, Paris, London na New York, aliwaita wafanyakazi waje studio na nguo zao za kazi na vifaa vyao, akawasimamisha mbele ya pazia tupu kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna karakana, hakuna duka. Umebaki wewe na mtu na mkasi wake.

Hapo ndipo pa kuamua. Fundi umwache barazani, au umtoe? Usiamue kwa kufikiri. Chagua mafundi watatu, kila mmoja umpige mara mbili: kwenye cherehani yake, mguu kwenye pedali, vipande vya vitambaa sakafuni, halafu mbele ya kitambaa kilichotandazwa ukutani, futi shingoni, mkasi mkononi. Zichape picha hizo sita, ndogo tu, sentimita 10 kwa 15, uzibandike ukutani unapolala kwa wiki moja. Simu haitakusaidia hapa. Kwenye simu kila picha inapita. Ukutani picha dhaifu inakuchosha kufikia siku ya nne.

Mimi, kama ningekuwa wewe, ningeelemea kwenye kitambaa, kwa kuwa hawa ni watu wa vitambaa na wanakaa mbele ya duka la vitambaa. Ila angalia. Ukitandaza kitenge, rangi tu zitasema. Ukitandaza kanga, kuna jina, na jina litasomwa kabla ya uso. Fikiria mwanamke aliyeachwa mwaka jana umemsimamisha mbele ya kanga ya mafumbo ya mapenzi uliyoiokota kwa sababu ya rangi yake! Kama utatumia kanga, aichague mwenyewe, toka nyumbani kwake, na pindo lisikate jina katikati. Hapo kanga inakuwa maneno yake.

Mwanga unao tayari. Tanga tuko karibu na ikweta, saa sita jua liko utosini na macho yanageuka mashimo, lakini baraza ina paa. Paa linazuia jua la juu, mwanga unaingia kutoka mtaani kwa mlalo, laini, kama dirisha refu. Mkalishe mtu hatua moja ndani kutoka ukingoni. Akitazama mtaani uso wote unapata mwanga. Mgeuze kidogo shavu moja linaingia kivulini. Ukuta wa ng'ambo uangalie pia, maana ukipakwa kijani utamrudishia mtu kijani usoni. Kipande cha kitambaa cheupe kilichoshikwa chini ya kifua kitainua kivuli cha kidevuni, na vitambaa vyeupe hapo havikosekani. Ngozi nyeusi usiilazimishe kuwa nyeupe ili "ionekane". Iache na weusi wake, tafuta tu mng'ao kwenye paji, shavu na pua, huo ndio unaochora umbo. Na pima mwanga shavuni, usiiachie kamera. Mwanamke wa baibui jeusi, kamera itadhani kuna giza na kumfifisha uso kwa mwanga mwingi. Mwanamume wa kanzu nyeupe, itafanya kinyume, uso uzame.

Lenzi ya 85 usiikopee. Kama kamera yako ni kama nyingi za kuanzia, yenye kihisi kidogo, kile kinachopokea mwanga badala ya filamu, hiyo 50 yako inaona karibu sawa na 75 au 80 kwenye kamera ya kihisi kikubwa. Lenzi ya sura unayo. Weka hiyo, usiibadilishe picha zote 12, na umbali uwe mmoja. Hela ambayo ungelipia deni hilo, chapishia picha.

Sasa ruhusa, na hapa nitakuambia langu. Nilipokuwa na studio yangu nilimpiga bibi harusi mmoja, picha nzuri kupita zote nilizopiga mwaka ule, nikaiweka kwenye kioo cha mbele. Sikumwuliza. Kaka yake akaja, hakupiga kelele, alisema tu kwamba dada yake alikuja kupigwa picha ya albamu yake, hakuja kupigwa picha ya barabara. Niliishusha nikampa na negativu. Familia ile haikurudi kwangu tena, na walikuwa na haki. Kwa hiyo uliza maswali matatu, kila moja peke yake: nikupige? niionyeshe ukumbini? niiweke mtandaoni? Mtu anaweza kukubali mawili akakataa moja. Siku hizi Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwapo, mafundi hawa utawasalimia maisha yako yote.

Atakayekataa uso wake uonekane hajakufungia mlango. Malick Sidibé, wa Bamako pia, alipiga mfululizo mzima wa watu waliogeuka mgongo. J.D. 'Okhai Ojeikere wa Nigeria alianza mwaka 1968 kupiga misuko ya nywele za wanawake, nyingi kwa nyuma, akafikisha karibu picha elfu moja. Mgongo wa fundi aliyeinamia sindano kwa miaka thelathini una sura yake.

Umesema mafundi ni saba na mama yako, na wewe unadaiwa picha 12. Zile tano usiende kuzitafuta baraza nyingine. Piga wateja watano siku wanapokuja kuchukua nguo zao, wakishazivaa, palepale mbele ya kitambaa kilekile. Aliyeshona na aliyevaa, ukuta mmoja. Usiende kabla ya Idi wala shule zinapofunguliwa Januari, hapo hawana muda hata wa kunywa maji, na watakukubalia kwa adabu huku unawaharibia kazi. Na chini ya picha andika majina yao, kwa idhini yao. Mara nyingi Sander aliandika kazi tu, mwoka keki, mkulima. Hapo simfuati. Fundi ni kazi yake, jina analo.

Kabla hujampiga mtu yeyote, kaa wewe kwenye hicho kiti. Mpe mama kamera, mwambie akupige picha kumi, usimwelekeze. Utajua mikono inavyokosa pa kwenda, na dakika mbili zilivyo ndefu. Kisha yeye umpige wa mwisho kabisa, wiki ya kumi huko, ukishajua unachokifanya. Umesema hajui mambo ya maonyesho. Mtu anayemwangalia mteja anavyoingia na kukisia kiuno chake kabla ya kushika futi anajua kutazama. Mwulize anaanza kutazama wapi, uandike jibu lake kwenye daftari lako.

Kila picha utakayoichapa, chapa mbili. Moja ni ya fundi, mpelekee barazani mwenyewe kwa mkono, kabla ya maonyesho.